Goti la Feldenkrais na goti la mwenye chukudu

Ukitaka kujua chukudu, ile baisikeli yetu ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, imefanya kazi kiasi gani, usiangalie magurudumu, maana magurudumu hubadilishwa. Angalia kile kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari juu ya ubao, pale mwenyewe anapoweka goti. Kikiwa kimeliwa hadi kubaki chembamba kama karatasi, na katikati pamebonyea umbo la goti, ujue huyo ni mtu wa barabara ya Kibumba.

Jirani yangu hapa Goma ni mmoja wao. Anapandisha chukudu tupu, anarudi na kabichi, viazi au makala (yaani mkaa), kilo 300 na wakati mwingine zaidi, goti la kulia kwenye ubao, mguu wa kushoto ukisukuma barabara. Amefanya hivyo tangu ujanani. Mwaka huu alianza kuchechemea. Nilipomuuliza alinijibu: "Mukubwa, njiani siisikiake. Ni usiku ndio inaniamshaka." Yaani goti lile likiwa kazini halisemi kitu. Linasubiri alale.

Hapa mjini tuna neno tunalolirudia bila kulipima: watu wa chukudu, akina mama wabeba mizigo wa Birere, vijana wanaoponda mawe ya volkeno, hao hawahitaji sporti kwa kuwa kazi yao ni sporti tosha. Nimelisikia kwa kine, yule tabibu wa viungo, nimelisikia kwa kochi wa mazoezi, na mimi mwenyewe nimelisema mara nyingi nikiwa nimekaa kitini. Siku hizi naliona ni kosa, tena kosa ambalo wanaolipia si sisi tunaolisema. Aliyenifungua macho ni mtu aliyekufa Tel Aviv tarehe 1 Julai 1984: Moshe Feldenkrais, mhandisi, mwanafizikia, mcheza judo, na mwishoni mwalimu wa miondoko ya mwili.

Alizaliwa mwaka 1904 Slavuta, mji ambao leo uko Ukraine. Hajafika hata miaka 15 aliwaacha wazazi akasafiri hadi Palestina, na huko akaanza kama wanavyoanza watoto wengi wanaoingia mjini kwetu: kibarua cha ujenzi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za Mzungu aliyefundisha kulala chini na kuzungusha shingo polepole, humdhania mtu wa mito laini. Huyu alibeba mawe. Alikuwa mfupi mwenye kifua, mcheza soka, na alifundisha vijana wenzake kupigana bila silaha. Soka ndiyo iliyomharibia goti, mwaka 1929.

Baadaye alikwenda Paris kusoma uhandisi, kisha akafanya kazi katika maabara ya Frédéric Joliot, yule aliyeshinda tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1935 pamoja na mkewe Irène. (Tuseme hapa kwa pembeni kwamba mwaka 1939 watu wa Joliot walikuwa wakifanya mapatano na kampuni ya madini ya Union Minière ili wapate urani ya Katanga. Kila ukifuata uzi wa karne ile, mwisho wake unakuta mgodi wetu.) Ujerumani ilipoivamia Ufaransa mwaka 1940 alikimbilia Uingereza, akawekwa kwenye utafiti wa kugundua nyambizi huko Uskoti. Sitaha za meli zina utelezi, na lile goti la 1929 likaanza kuvimba upya. Madaktari wa upasuaji hawakumhakikishia kwamba atatembea sawasawa baada ya kisu. Akakataa. Akaketi kusoma mwili wake kama alivyosoma mashine: mfupa huu unakwenda wapi mguu unapopokea uzito, nyonga inafanya nini, pumzi inakatika wapi.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Walimu wa namna hii wanampinga mhenga, maana karibu wote walianza na ugonjwa wao wenyewe. Alexander, Mwaustralia, alipotelewa na sauti jukwaani. Pilates, Mjerumani, alikuwa mtoto dhaifu wa kuugua ugua. Feldenkrais alikuwa na goti.

Kuna kisa alichokuwa akikisimulia mwenyewe ambacho kwangu kinazidi vingine vyote. Goti bovu lilikuwa limemweka kitandani. Akatoka akiruka ruka kwa mguu mzima, akateleza, akauumiza na huo. Akalala akijua kwamba kesho hatasimama kabisa. Alipoamka, ule mguu wa kwanza, ule mbovu, ukambeba. Kano za goti haziponi kwa usiku mmoja, na fundi wa fizikia alilijua hilo vizuri. Basi kilichobadilika hakikuwa gotini. Mahali fulani kichwani, amri iliyokuwa ikiukaza mguu ule ili kuulinda ilikuwa imeondolewa kwa sababu sasa kulikuwa na mguu mwingine wa kulinda. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kwenye swali hilo: sehemu gani ya ulemavu wetu imo kwenye mfupa, na sehemu gani imo kwenye mazoea ya kuukunja mwili kukwepa maumivu ambayo labda yalikwisha zamani?

Jibu lake lilianzia kwa Mjerumani wa karne ya 19, Ernst Heinrich Weber, aliyepima jinsi mkono unavyotambua uzito. Weber aliona kwamba tofauti ndogo kabisa tunayoweza kuihisi hutegemea mzigo tulio nao tayari: mzigo ukiwa mdogo, nyongeza ndogo inahisika, mzigo ukiwa mkubwa, nyongeza lazima nayo iwe kubwa. Wenye chukudu wanalijua hili bila Weber. Chukudu ikiwa tupu, mtoto akiidandia nyuma unageuka papo hapo kumfukuza. Ikiwa na magunia ya makala, mtu anaweza kukuongezea kabichi mbili pale Kibati na ukafika sokoni hujui.

Feldenkrais alichukua kanuni hiyo akaiingiza ndani ya misuli. Ukijikaza, hujisikii. Anayefanya zoezi kwa nguvu zake zote anaifunika sauti ya mwili kwa kelele za juhudi, na kwa hiyo hawezi kujifunza kitu kipya. Anaweza tu kukaza zaidi kile anachokifanya tayari, kiwe kizuri kiwe kibaya. Ndiyo maana masomo yake yalikuwa madogo madogo, ya polepole, chini ya kiwango cha maumivu, na kila baada ya miondoko michache unapumzika. Unalala chini kwa sababu ukiwa chini misuli inayokushikilia usianguke inaachia kazi. Basi kale kamwendo kadogo ka nyonga unakasikia.

Sasa rudi kwa jirani yangu na ule usemi wa mjini. Tunaposema kazi yake ni sporti, tunahesabu jasho. Kwa hesabu ya jasho anatushinda sote pamoja na wale wanaokimbia Jumapili asubuhi wakiimba. Lakini chini ya kilo 300 hakuna mtu anayejisikia. Njiani siisikiake, alisema, na hiyo ni kanuni ya Weber katika Kiswahili cha Goma. Goti lake limekuwa likimtumia barua kwa miaka na zote zimefika usiku, ofisi ikiwa imefungwa. Kazi ni pale usipo na nafasi ya kusikiliza. Zoezi, kwa maana ya Feldenkrais, huanza pale nafasi hiyo inapopatikana. Mtu anaweza kufanya kazi ya mwili miaka 30 na asiwe amefanya zoezi hata siku moja, na mimi naamini hivyo ndivyo ilivyo kwa nusu ya watu wanaoulisha mji huu.

Wenye sale za mazoezi nao wasicheke. Mimi nililipa miezi mitatu katika sale moja hapa mjini, nikiwa na goti langu lililoteguka kwenye mawe ya lava. Kochi alisimama mbele yetu, kifua kama mlango, na kila nilipomwambia goti linauma alinijibu kwamba hayo ndiyo maumivu ya kujengeka. Tulimwiga. Muziki ulikuwa juu kiasi kwamba hata ningetaka kujisikia nisingeweza. Mwezi wa tatu nilitoka nikiwa na mapaja mazuri na goti baya zaidi. Simlaumu sana yule kijana. Alitufundisha kama alivyofundishwa. Feldenkrais kwenye masomo yake ya kundi hakuwa akionyesha mwondoko. Alizungumza tu: lala chali, kunja goti la kulia, liache liende upande kidogo, rudi, angalia ni wapi mgongo umegusa sakafu. Ukimwona mwalimu unamwiga mwalimu. Usipomwona, inakubidi uuchunguze mwili ulio nao. Kwa miaka mingi alifundisha hivyo katika mtaa wa Alexander Yanai, Tel Aviv, na zaidi ya masomo 500 ya pale yalirekodiwa, mengi hayafanani.

Kabla ya hapo aliifahamu njia ya nguvu kwa ndani. Kule Palestina, alipokuwa akiwafundisha vijana kujilinda dhidi ya visu, aligundua jambo lililomwaibisha. Walijifunza mbinu vizuri, wakazifanya kwa ustadi darasani, lakini siku ya kushambuliwa kweli walizisahau zote na mikono yao ikafanya ilichozaliwa nacho: kuruka juu kulinda uso. Mwalimu mwingine angewachapa mazoezi maradufu. Yeye alianza upya kutoka kwenye ile ishara ya woga. Aliwatazama watu wakishtuka, akaona mkono unakwenda wapi kwanza, kisha akajenga kinga yake kuanzia pale. Kijitabu alichokiandika kuhusu mbinu hizo ndicho kilichomvutia Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, walipokutana Paris mwaka 1933. Mzee huyo aliona ndani yake kanuni yake mwenyewe: nguvu kidogo, mahali panapostahili. (Kwamba jina la Kano kwa Kiswahili ni ile mishipa migumu inayofunga mfupa na mfupa, hilo ni zawadi ya lugha, sikulitunga.) Tangu hapo Feldenkrais akawa mmoja wa walioipanda judo Ufaransa.

Nikisoma habari hizo nawakumbuka watoto wa Bukavu, Popole Misenga na Yolande Mabika. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro na timu ya Kongo kwa mashindano ya dunia ya judo, wakabaki Brazil, na mwaka 2016 wakarudi ulingoni katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Misenga aliwaeleza waandishi wa habari kwamba nyumbani judoka aliyeshindwa alifungiwa siku kadhaa kwa chakula kidogo. Judo ile ile ya Kano. Upande mmoja mwalimu anamtazama mtu aliyeshtuka na kuuliza mwili wake unajua nini tayari. Upande mwingine kosa linatiwa kufuli. Najua kuna watakaosema Misenga alishinda pambano lake la kwanza Rio kwa sababu ya ukali ule. Mimi naona alishinda licha yake.

Kitabu cha Feldenkrais cha mwaka 1949 kina wazo moja ambalo watu wa Goma tungelichukua mapema kuliko wengine. Alidai kwamba mama wa hofu zote za binadamu ni hofu ya kuanguka. Mtoto mchanga ukimshusha ghafla anajikunja, pumzi inakatika, na mkunjo huo huo hurudi kwa mtu mzima kila anapohangaika: shingo inaingia mabegani, tumbo linakaza, magoti yanapinda. Siwezi kusema kama ni kweli kwa hofu zote. Lakini nakumbuka Mei 2021. Volkeno yetu, Nyiragongo, ililipuka tarehe 22, na siku zilizofuata ardhi haikutulia. Tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama kartye 10, yaani mitaa 10 ya mji, tukatembea kuelekea Sake na magodoro kichwani. Tuliporudi, nyumba nyingi zilikuwa zimesimama. Watu ndio hawakusimama sawasawa. Hadi leo nina shangazi ambaye lori kubwa likipita anainua mabega na kushika meza, na mabega hayo hayashuki lori likishapita. Halafu zikaja sauti nyingine, za silaha, na mabega yakapata sababu mpya. Ukimwambia mtu kama huyo anyanyue vyuma ili awe na nguvu, unamwongezea mkazo juu ya mkazo.

Nitatoa zoezi moja, ili nisionekane nauza maneno. Kaa kwenye ukingo wa kigoda, miguu yote miwili chini. Geuka kulia taratibu, tazama nyuma, ukome pale inapoanza kuwa kazi. Nyumba yangu ni ya mbao kama nyumba nyingi za huku, kwa hiyo nilihesabu: niliona ubao wa sita. Rudi. Sasa geuka tena kulia mara kadhaa, lakini macho yaende kushoto kichwa kinapokwenda kulia. Ni jambo la kipuuzi na utacheka. Pumzika. Geuza tena, safari hii ukiliacha kalio moja lipungue uzito kwenye kigoda. Pumzika. Kisha geuka kama mwanzo, bila kusukuma. Mimi nilifika ubao wa tisa. Hakuna msuli uliorefuka kwa dakika kumi. Nilikuwa nageuka kwa shingo peke yake miaka yote, na mbavu zilikuwa zimesahauliwa kazini.

Hapo ndipo wengi huanza kumfanya Feldenkrais nabii, nami nashuka kwenye gari hilo. Picha yake iliyosambaa kuliko zote hata si yake: ni ya mwanafunzi wake David Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israel, mwaka 1957, mzee wa zaidi ya miaka 70 akiwa amesimama kwa kichwa ufukweni Herzliya. Picha ile ilimtangaza na ikamharibia, kwa maana iliwafanya watu wasubiri miujiza kutoka kwa mtu aliyefundisha vitu vidogo. Uthibitisho wa kitaalamu ni mwembamba. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2015 uliona dalili nzuri hasa kwa wazee na usawa wao wa kusimama, lakini tafiti zenyewe nyingi hazikuwa imara. Australia, mwaka 2019, iliitoa njia yake pamoja na tiba nyingine kadhaa kwenye ruzuku ya bima za afya za binafsi. Kwangu si sababu ya kuitupa. Ni sababu ya kuisema kwa sauti ya chini, hasa mbele ya mtu mwenye goti lililovunjika kweli, ambaye anahitaji picha ya eksirei kabla ya falsafa.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Njia hii inahitaji sakafu safi, dakika 45, na akili isiyowaza chakula cha jioni. Imekua katika miji yenye vitu hivyo, San Francisco, Amherst ambako alianza darasa lake kubwa la mwisho mwaka 1980 na maradhi hayakumruhusu kulimaliza, na leo wanaoilipia ni wapiga zeze, wacheza dansi na watu wa ofisini. Aliyekuwa kibarua wa ujenzi aliunda kitu ambacho kibarua wa ujenzi hakioni. Wala nisije nikasikika nikisema kwamba mama wa Birere mwenye kamba kwenye paji la uso angekuwa mzima kama angejifunza kusikiliza nyonga. Angekuwa mzima zaidi kama mzigo ungekuwa nusu na malipo maradufu. Barabara nzuri ya Kibumba ingeponya magoti mengi kuliko mimi na Feldenkrais tukiungana.

Lakini barabara haijaja, na goti liko hapa usiku wa leo.

Kwa hiyo Jumamosi moja nilimwomba jirani, chukudu ikiwa tupu, ajaribu kuweka goti la kushoto kwenye ubao na kusukuma kwa mguu wa kulia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ale kwa kisogo. Alisukuma mara mbili, usukani ukamkimbia, nusura aingie kwenye mtaro, na watoto wa uani wakapiga kelele. Akarudi akicheka. "Mukubwa, hii ni chukudu ya mtu mwingine." Nikamwambia aende polepole zaidi, hatua tatu tu, kisha asimame. Akaenda tatu. Akasimama, akashika nyonga yake ya kulia kama anayetafuta ufunguo mfukoni. "Hapa," akasema. "Kumbe hapa ndio nakazaka."

Wiki iliyofuata nilipita kwake kuazima nyundo. Chukudu ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kwenye ubao, kando ya kile kipande kilicholiwa, kulikuwa na kipande kipya cha kandambili, upande wa pili, cha rangi nyingine, misumari yake bado inang'aa. Sikumuuliza.